Aliyevua joho hajaiacha sheria



Kuna maneno nayasikia sana kwa wasomi wenzangu. Utasikia fulani kasoma sheria miaka minne, kapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kaapishwa kuwa wakili, halafu leo eti anafanya "mambo ya simu". Na fulani huyo akiwa mwanamke ndiyo maneno yanakolea: kesi zimemshinda, kawaogopa majaji, anatafuta kazi nyepesi apate muda wa kulea. Mimi nasema hapana, na naomba nieleze kwa nini.

Mfano hai tunao hapa hapa nchini. Neema Magimba, mwanasheria, ni mmoja wa waanzilishi wa Sheria Kiganjani, huduma ya Dar es Salaam inayomuunganisha mtu mwenye tatizo na mwanasheria kupitia simu. Kwa jirani zetu Kenya yuko Linda Bonyo, wakili aliyeanzisha Lawyers Hub jijini Nairobi, mahali ambapo wanasheria na wataalamu wa kompyuta wanakaa meza moja. Hawa hawajakimbia sheria. Wameifuata kule inakoanzia, kwa sababu kesi haianzii mahakamani, jamani. Inaanza siku mtu anapoweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, au anapokubali mgawo wa mdomo tu kwa kuwa hana wa kumuuliza.

Huku kwetu hayo ni maisha ya kila siku. Nimewahi kuzungumza na kijana mmoja wa Kahama aliyefukuzwa kazi na mkandarasi wa mgodini. Alikuwa na barua yake kaikunja vizuri mfukoni, akaambiwa "subiri tutakuita". Akasubiri miezi miwili kwa adabu zote. Kumbe anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Zikipita, inabidi kwanza aombe kuongezewa muda na atoe sababu za msingi. "Sikujua" haimsaidii. Huyu hakuhitaji wakili wa kumsimamia kesi miaka mitatu. Alihitaji sentensi moja, kwa Kiswahili, wiki ile ile aliyofukuzwa. Sentensi hiyo ingeweza kumfikia kwa ujumbe mfupi wa simu.

Sasa twende machimboni, Nyarugusu, Mgusu au Lwamgasa kule Geita. Mawe yakitoka kwenye duara yanagawanywa kwa mifuko: mwenye leseni wake, mwenye shamba wake, mwenye duara wake, na wachimbaji wao. Mara nyingi makubaliano ni ya mdomo. Mawe yakiwa hayana kitu, wote ni ndugu. Siku dhahabu ikionekana, undugu unaishia pale pale na kila mtu anakumbuka mgawo wake.

Na tusidanganyane kwamba teknolojia haijafika huko. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo ni ya Watanzania na hudumu miaka 7, inaombwa kwa mtandao, na mfumo wa kuomba hivyo ulianza mwaka 2015. Maana yake ni nini? Mtu aliyekaa Mwanza na kompyuta yake anaweza kuomba leseni juu ya eneo lenye shamba la bibi yako kabla bibi hajasikia lolote. Sheria ya Madini ya 2010 inamlinda bibi: kwenye shamba linalolimwa haichimbwi bila ridhaa yake, na fidia ni haki yake. Lakini nani amemwambia? Teknolojia ya kuomba leseni imefika, ya kumweleza bibi haki yake bado. Pengo hilo ndilo linalohitaji mwanasheria, tena mwanamke nampa kipaumbele.

Kwa nini mwanamke? Kwa sababu kuna maswali ambayo mama anayeponda mawe au kupika chakula machimboni hatamuuliza mwanaume. Mume kapata dhahabu, kajenga nyumba Katoro, kaongeza mke, na sasa anamwambia wa kwanza arudi kwao mikono mitupu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Zaidi ya miaka 40 imepita! Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, wanafunzi wa sheria wanaikariri, na mama wa Katoro hajawahi kuisikia. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Safi kabisa, lakini lugha bila mtu wa kuifikisha inabaki kwenye makaratasi.

Najua mtanipinga, na hoja zenu zina uzito. Wengi huku wanatumia simu za kitochi. Kuna akina mama ambao simu ya nyumba nzima iko mfukoni mwa mume. Kuna wazee wanaojieleza vizuri kwa Kisukuma kuliko Kiswahili. Na siri je? Mama akiandika habari za ndoa yake kwenye programu ya simu, nani anazisoma? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na huduma hizi zinapaswa kuwa za kwanza kuitii.

Kwa hiyo sisemi kwamba simu itachukua nafasi ya mtu. Nasema mwanasheria wa simu ashikane mikono na wasaidizi wa kisheria walioko vijijini, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Msaidizi yuko Kakola, anajua Kisukuma, anaaminika. Anachokosa ni mtu wa kumuuliza swali gumu saa hiyo hiyo. Uganda wenzetu wa BarefootLaw walianza na ukurasa wa Facebook tu, wakaenda mpaka ujumbe wa simu za kawaida.

Hofu yangu iko kwingine: pesa. Mwenye mtaji atataka wateja wa Masaki wanaosajili kampuni, maana ndio wanaolipa. Taratibu huduma itamsahau mchimbaji, na tutabaki na programu nzuri ya watu ambao tayari wana mawakili. Hapo ndipo nitakapowauliza dada zetu hawa maswali magumu, siyo sasa wanapovua joho.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyesoma sheria, ukimwona mwenzako anaacha viunga vya mahakama, usimwulize kama kesi zimemshinda. Mwulize kama yule kijana wa Kahama angempata ndani ya siku 30.

Nawasilisha. Ninyi mnasemaje?