Taya likivimba, tusingoje

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama wa Alunguli, leo hatusemi bei ya kasiterite. Tunasema juu ya watoto.

Mtoto anavimba taya, au tumbo. Meno yanalegea, hata bila maumivu makubwa. Nyumbani tunasema ni jino. Tunatafuta majani, jirani anatafuta mulozi. Majuma mawili yanapita.

Ugonjwa huu uko na jina: kansa ya Burkitt. Mwaka 1958 Denis Burkitt, munganga mpasuaji wa hopitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya watoto wa namna hii. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari toka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, akaona ugonjwa unafuata joto na mvua, kulekule malaria inatawala. Mwaka 1964, kule London, Epstein, Achong na Barr wakakuta virusi ndani ya uvimbe ule.

Tusiogope bure. Virusi hivyo vinapita kwa mate. Karibu sisi wote tuko navyo tangu utoto, na wengi hatuoni shida. Lakini malaria ikimrudia mtoto kila mara, mwili unachoka kuvizuia. Chembe za damu ambamo vinajificha zinaongezeka ovyo, na siku moja chembe inaweza kugeuka kansa. Si ulozi, na mtoto hamwambukizi mwenzake uvimbe ule.

Hapo kazi yetu inaingia. Mashimo tunayaacha wazi, maji ya mvua yanalala ndani, mbu wanazaa. Shimo tunalochimba kwa kulisha mtoto ndilo linamletea malaria. Kwa hiyo tunadai: shimo likiisha kazi, mwenye shimo alifukie. Na wazazi, chandarua ni cha kulalia, si cha kuvulia samaki.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Lakini dawa zake ziko, na Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukiyeyuka. Mtoto akifika mapema, anaweza kupona kabisa. Taya likivimba, basi, kesho yake mtoto awe mbele ya munganga.

Tunajua sababu ya kuchelewa: pesa. Lakini pesa ya kilio tunaikusanya kwa siku moja. Ile ya kuvuka Lualaba tuikusanye vilevile, mtoto angali hai.