Kando ya ziwa si mahali pa matajiri tu



Siku hizi jamaa nyingi za kwetu ziko na ndugu Amerika. Kati ya wakimbizi wa Kongo waliopokelewa kule, wengine walipelekwa Erie, mji wa jimbo la Pennsylvania, kando ya ziwa lenye jina lile lile. Wakati wa joto wanatuma picha: watoto wako ndani ya maji, mama anageuza nyama juu ya makala, baba amelala chini ya muti. Sisi huku tunatazama na kusema, hawa wamekwisha kuwa matajiri. Tunaona hapo tunajidanganya, na njo maana tunaandika.

Mahali penyewe panaitwa Presque Isle. Waliosikia vizuri masomo ya Kifaransa wamekwisha kufahamu: ni rasi, nchi iliyobakia kidogo tu iwe kisiwa, sawa na zile rasi za Bukavu zinazoingia ndani ya Kivu kama vidole vya mkono. Ila ile yao ni ya mchanga mtupu. Tangu mwaka 1921 ni parke ya jimbo. Watu milioni 4 hivi wanafika kila mwaka, na mlangoni hakuna anayewauliza hata franka moja. Katika jimbo lile parke zote za jimbo ziko hivyo, na hesabu yao inapita 120. Mkubwa mmoja wa serikali yao, Maurice Goddard, aliyeanza kazi mwaka 1955, alijiwekea shabaha ya kwamba kila mwenyeji apate parke isiyo mbali na kwake kupita maili 25, ni kusema kilometa 40. Mtu anaweza kufika, kucheza na watoto, na kurudi kulala kwake. Analipa mafuta ya gari na chakula alichopika mwenyewe. Kweli, mtu mzima akitaka kuvua samaki anunue ruhusa, na akitaka kupanga paoti kubwa kwa karamu atalipa. Lakini maji, mchanga na kivuli havina bei.

Sasa tusiseme kama bure inatoka mbinguni. Mchanga wa Presque Isle unabebwa na mawimbi kila mwaka, na serikali inarudisha mwingine. Hata kuta 55 za mawe zilijengwa ndani ya maji, zikamalizika mwaka 1992, ili kupunguza nguvu ya mawimbi. Pesa ile inatoka kwa wote, tajiri na masikini, na wote wanaingia. Hiyo tunaiona ni haki.

Na kwetu? Parke yetu ya kwanza, ile inayoitwa leo Virunga, iliundwa mwaka 1925, miaka minne tu nyuma ya ile ya Erie. Sehemu kubwa ya ziwa Edward iko ndani yake. Lakini wakoloni waliifanya kwa ajili ya ngagi na wataalamu wa sayansi, si kwa ajili ya mama wa Kivu na watoto wake sita. Hatupingi kulinda nyama. Hatuombi kuchoma mahindi katikati ya viboko! Tunasema tu kwamba toka wakati ule neno «parke» lilibaki kwetu na maana ya mahali pa kukatazwa, kisha mahali pa wageni wenye dola. Hakuna aliyefikiri kuongeza aina ya pili, ile ndogo, ya karibu, ya wenyeji.

Kwa hiyo ziwa tunaliona kwa mbali. Parseli za kando ya maji zimejengwa kuta, ukuta mmoja baada ya mwingine, na anayetaka kunawa miguu anapita kwenye njia ya mbuzi ao analipa kinywaji katika hoteli. Soda moja pale, bei yake inatosha kununua sambaza za jamaa nzima. Na tukumbuke kwamba sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote wa inchi ni mali ya Serikali. Wenye kujenga wamepewa ruhusa ya kuutumia tu. Basi haishindikani Serikali ibakishe vipande vichache kwa ajili ya wote, kabla ukuta wa mwisho haujafungwa.

Watu watatujibu kwamba hiyo ni maneno ya michezo, na inchi iko na shida kubwa zaidi. Tunajua. Tangu mwanzo wa mwaka 2025 hakuna anayehitaji kutufundisha vita ni nini. Lakini hapa neno linapita mchezo. Wengi wetu tumezaliwa tunaona ziwa kila asubuhi na hatujui kuogelea. Oktoba 2024 mashua ilizama mbele ya Goma, karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa wanaona nchi kavu kwa macho yao, na wengi walikufa. Hatusemi kuogelea kungewaokoa wote, maana mashua iliyojaa kupita kiasi inaua hata fundi wa maji. Jile za kuokoa zilihitajika, na ukaguzi pia. Lakini mtoto asiyeingia majini hata siku moja akiwa na baba yake atajifunza wapi? Atatoroka na wenzake, atajifunza peke yake, na Kivu si ya kuchezea: ziwa Erie halifiki mita 65 mahali penye kina kupita yote, Kivu inafika 485, na sehemu nyingi unapiga hatua chache tu na chini hakuna tena. (Ile gazi inayosemwa sana imelala chini kabisa, si kwenye maji ya waogaji.) Kule Presque Isle wanaogelea mahali palipopangwa tu, wakati walinzi wako kazini. Hata bure iko na kanuni.

Kitu kingine ni uchafu. Ziwa Erie lenyewe, miaka ya 1960, watu walisema limekufa kwa sababu ya maji machafu ya viwanda na miji. Mwaka 1972 Amerika na Kanada walipatana kulisafisha. Leo chupa zetu za plastiki zinasukumwa na maji mpaka Ruzizi na kuziba mashine za umeme, halafu usiku tunalalamika juu ya giza. Mtu hachafui mahali anapoketi kula na watoto wake. Anachafua mahali ambapo si pake.

Sisi tunapendekeza kitu kidogo. Komite ya wazazi ipatane na shefu wa kartie juu ya kipande kimoja cha kando ya ziwa, mahali maji yanashuka polepole. Tukipata siku tulivu, tufanye Siku ya Posho moja kila trimestri. Tuanzie kwa kuokota takataka na kuchimba choo. Mwalimu wa michezo afunge kamba na bidoni tupu juu ya maji kuonyesha mpaka, na wavuvi wawili wanaojua kuogelea wakae ndani ya mtumbwi kutulinda. Hao tuwalipe, si kazi ya asante. Kila jamaa ije na chakula chake: bugali, viazi vitamu vya kuchemsha, sombe, sambaza kidogo. Nani amesema lazima nyama? Mpira tuko nao. Wamama wasipike siku ile. Wapike Ijumaa ao, heri zaidi, wapike wababa na sisi vijana.

Vyungu vikubwa viko jikoni mwa shule, na Siku ya Posho havina kazi.