Peugeot 404 au Beetle?

Hapa Durban nimepata magari mawili ya zamani, na hela ya kufufua moja tu. Moyo uko kwenye Peugeot 404, gari la mzee wetu, lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 hadi 1968. Lakini niliingia chini na bisibisi, ikapenya sakafu! Hewa ya bahari imeila. Volkswagen Beetle injini imekufa, ila bodi nzima, tena ziliundwa huku huku Afrika Kusini, Uitenhage (sasa Kariega), hadi 1979, hivyo spea si shida. Msimamo wangu: injini inanunuliwa, bodi iliyooza inakufilisi. Nachukua Beetle. Mzee, nisamehe.