Unajimu wa Kiveda: Mtumishi Aliyejifanya Bwana



Wapendwa waamini, juma hili mmoja wenu ametuuliza kuna ubaya gani Mkristo akisomewa nyota kwa unajimu wa Kiveda, kwa kuwa, kama alivyoambiwa, huo si uganga wa mitaani bali ni elimu takatifu ya kale kutoka India. Maneno hayo, "elimu takatifu ya kale", ndiyo yaliyotusukuma kuandika, maana ndiyo chambo.

Ni kweli kwamba miongoni mwa taaluma sita zilizosaidia Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, mojawapo ni Jyotisha, elimu ya mianga ya angani. Lakini kitabu chake kikongwe, kinachohusishwa na mwalimu Lagadha, hakimtabirii mtu mume wala mali. Chafundisha kuhesabu mwendo wa jua na mwezi ili sadaka zitolewe kwa wakati wake. Kwa hilo hatuna ugomvi. Hata sisi Pasaka yetu twaitafuta kwa mwezi mpevu. Buruji 12 na ramani ya saa ya kuzaliwa ziliingia India baadaye, katika karne za kwanza baada ya Kristo, kutoka kwa Wagiriki. Kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Yavanajataka chakiri hivyo kwa jina lake lenyewe, kwani Yavana ni Wagiriki. Basi kinachouzwa leo kwa jina la Veda, kwa sehemu kubwa hakikutoka katika Veda.

Mnajimu huuliza tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa. Huchora ramani ya nyumba 12 na kupanga humo "sayari" 9, ambazo mbili kati yake, Rahu na Ketu, si sayari kamwe, bali ni mahali ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua. Kisha hutazama mwezi ulikuwa katika kituo kipi kati ya 27, na kutoka hapo huyagawa maisha kwa mzunguko wa miaka 120: Zuhura miaka 20, Zohali 19, Jua 6. Kwa nini 19 na si 15? Anga haisemi. (Tena buruji zao zimepishana na zile za magazetini kwa takriban nyuzi 24, hata aliye Simba huku mara nyingi huwa Kaa kule. Na nyota ni zilezile!)

Tungeishia kucheka, kama wasingeumizwa watu. Ramani za wachumba hulinganishwa kwa alama 36, na wakipata chini ya 18 posa yaweza kuvunjwa. Msichana ambaye Mirihi imekutwa katika nyumba fulani za ramani yake huitwa manglik, na husemwa kwamba atamletea mumewe mauti. Wapo wanaoozeshwa kwanza mgomba au chungu, ili balaa imwangukie "mume" huyo! Binti huyo amekosa nini? Amezaliwa.

Mwanaastronomia wa India, Jayant Narlikar, pamoja na wenzake, waliwapa wanajimu 27 ramani 40 kila mmoja, wabainishe watoto wenye akili sana na wenye ulemavu wa akili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009: walipatia asilimia 46. Kurusha sarafu kungewafaa zaidi.

Mtakatifu Augustino, ambaye ujanani aliwaendea wanajimu, aeleza katika Maungamo jinsi mtoto wa tajiri na mtoto wa mjakazi walivyozaliwa saa moja, katika nyumba mbili. Mmoja akakua katika heshima, mwingine akabaki mtumwa. Nayo Katekisimu, namba 2116, yakataza waziwazi kuwaendea wanajimu.

Wala tusiwanyooshee Wahindu kidole. Wamefika ofisini kwetu wachumba waliobatizwa, tayari kuachana, kwa sababu tu "nyota haziendani". Katika kuandikisha ndoa twauliza cheti cha ubatizo, na kama kila mmoja amekuja kwa hiari yake. Saa ya kuzaliwa hatuiulizi.