Sayari Nzima, Tabia Moja



Ndugu wazazi, juma hili tunazitazama filamu za safari za anga, ambazo watoto wetu wa Tarime na Mugumu, sawa na wenzao wa Dar es Salaam, huzifuatilia sehemu baada ya sehemu. Hatukusudii kuzipiga marufuku. Tunataka kuupima upana wa ulimwengu unaooneshwa humo.

Mashuhuri miongoni mwazo ni Star Wars. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1977, na kufikia mwaka 2019 mfululizo wake mkuu ulikuwa umetimia filamu tisa. Mashujaa wake huruka kutoka nyota hadi nyota kama mtu avukaye barabara, na mtazamaji huamini kwamba ameuzunguka ulimwengu wote. Lakini hebu zichunguzeni sayari zenyewe. Tatooine ni jangwa tupu, Hoth ni barafu tupu, na mwezi wa Endor ni msitu mtupu. Viumbe waishio humo nao wamegawiwa tabia mojamoja: wale waitwao Jawa ni wachuuzi wa vyuma chakavu, na wale waitwao Tusken ni wavamizi.

Jambo hili lina sababu yake. Mtengeneza filamu ana muda mfupi mno wa kumjulisha mtazamaji kuwa amefika mahali pengine; theluji au mchanga huikamilisha kazi hiyo mara moja. Mahali halisi hapako hivyo. Jangwa la Tatooine lilipigwa picha nchini Tunisia mwaka 1976, na jina lake limetokana na mji wa Tataouine, kusini mwa nchi hiyo. Lakini Tunisia hiyo hiyo ina pwani na mashamba ya mizeituni, na katika milima yake ya kaskazini-magharibi huanguka theluji.

Sasa tuitazame Mara yetu. Kwenye miinuko ya Tarime kuna ubaridi, migomba na kahawa. Ukishuka unakutana na Mto Mara, utokao milima ya Mau nchini Kenya kuelekea Ziwa Viktoria. Ng'ambo yake, wilaya ya Serengeti ina mashamba, malisho na mbuga wapitamo nyumbu. Wamo Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata. Na Wakurya wenyewe wana koo nyingi, wakiwemo Wairege, Wanchari, Wanyabasi na Watimbaru. Yaliyomo katika wilaya hizi mbili, filamu ingeyagawa katika sayari sita.

Hapa ndipo penye hatari. Mtoto aliyezoea sayari zenye tabia moja huweza kuwagawia watu halisi tabia hizo hizo. Ni mara ngapi tumesikia ikisemwa kwamba Mkurya ni mkali, basi, kana kwamba hakuna Mkurya mwalimu, mkunga wala msuluhishi? Na ndani ya Tarime yenyewe damu imewahi kumwagika katika mapigano ya koo, mtu akihukumiwa kwa ukoo wake kabla hajafungua kinywa. Sisi Waislamu nasi twaujua uchungu wa kuoneshwa katika filamu kwa sura moja tu, ya mwenye bunduki.

Basi mzazi, filamu ikiisha, keti na mwanao umwulize: Nyuma ya kile kilima cha mchanga kuna nini? Nani aliyelima chakula walichokula? Miongoni mwa wale wavamizi, hakuna mama anayembembeleza mtoto? Mtoto atakayejitahidi kujibu atakuwa ameupanua ulimwengu huo kuliko walioubuni.

Kisha mwulize kuhusu jirani wa ukoo mwingine: anapenda nini, anaogopa nini, babu yake alikuwa akifanya kazi gani? Asipojua, mwambie aende akamsalimie.