Tuisome Nchi Kabla ya Kuipigia Kura

Kwa miaka mingi ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi wa sekondari hapa Mombasa alifundishwa jiografia ya dunia nzima. Alijua jinsi ngano inavyolimwa katika nyanda za Kanada, jinsi Waholanzi walivyoisukuma bahari wakapata mashamba, na jinsi mto Rhine unavyoilisha bandari ya Rotterdam. Hatuyadharau masomo hayo. Lakini mwanafunzi yuyo huyo, akishuka kutoka Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale, akaona majahazi machache yametia nanga mahali palipokuwa mlango wa biashara wa pwani, hakuwa na la kueleza. Mtihani haukumwuliza kwa nini hapa pamenyamaza na Kilindini kunanguruma. Wala haukumwuliza kwa nini mtu aweza kujenga nyumba Majengo, akazeekea humo, na kiwanja kikabaki cha mtu mwingine.

Sisi tunashikilia kwamba maswali hayo ndiyo alifu ya siasa. Jiografia ya watu ni elimu ya namna binadamu walivyokaa juu ya ardhi: nani yuko wapi, alifikaje, anakula kutokana na nini, anapita njia gani, na nani aliyeamua iwe hivyo. Waumini wanakumbuka kwamba Musa, kabla ya kuwaongoza watu wake kuingia Kanaani, aliwatuma kwanza watu kumi na wawili wakaichunguze nchi, rutuba yake na miji yake. Sisi tuliingia katika vyama vingi bila kutuma hata mmoja.

Hebu tuanze kuisoma. Kisiwa cha Mvita hakikuwahi kuishi peke yake. Pepo za kaskazi zilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na za kusi zikavirudisha. Wenyeji wake, Thenashara Taifa, walikuwa na mapatano na majirani wao wa ng'ambo: Tatu Taifa na Wadigo na Waduruma, Tisa Taifa na Wamijikenda wengine. Hatusemi kwamba ilikuwa pepo ya duniani. Biashara ya watumwa ilipita pwani hii, na Freretown, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kuwapokea walioachwa huru, ingali shahidi. Tunasema tu kwamba mji na bara vilijuana, na kila upande ulikuwa na neno.

Kisha maamuzi yakahamia kwingine. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake, na ukanda wa maili kumi ukashikwa kwa kodi aliyolipwa Sultani wa Unguja. Mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka hapa kuelekea ziwani. Meli kubwa zilihitaji kina cha Kilindini, na Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi. Mwaka 1905 makao makuu yakahamishiwa Nairobi. Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hatimiliki za Ardhi, iliyowataka wenye madai katika ukanda huu walete ushahidi. Waliokuwa na hati na waliojua njia za mahakama walipata hatimiliki. Wamijikenda walioimiliki ardhi kwa ukoo, madai yao ya pamoja hayakutambuliwa, na ardhi isiyothibitishwa mwenyewe ikawa ya dola la Mwingereza. Hivyo ndivyo mtu alivyoitwa skwota mahali alipozikwa babu yake.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini ramani haikufutwa. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulieleza kwamba fedha za maendeleo zitiwe zaidi mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Maneno hayo yana sura ya hesabu safi. Lakini nani aliyekuwa na barabara na umeme mwaka 1965 ila yule aliyependelewa na mkoloni? Aliyekuwa nacho akaongezewa, na Pwani, yenye lango la nchi, ikafanywa ukumbi wa kupitia.

Matunda yake tumeyaona kwa macho yetu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, na watu 272 wakafa, wengi wao wakivuka kwenda kutafuta riziki kisiwani. Mwaka 2019 serikali iliagiza kontena za kwenda Nairobi na nchi za bara zipakiwe katika reli mpya iliyozinduliwa 2017, zikashughulikiwe huko bara. Madereva, mawakala wa forodha na vibarua wa Mombasa wakaona kazi zao zikiondoka na garimoshi, wakaandamana. Mahakama Kuu ilibatilisha maagizo hayo Novemba 2020, na Septemba 2022 rais mpya akarudisha shughuli hizo bandarini. Tuzingatie: kilichoondolewa kwa kalamu kilirudishwa kwa kalamu. Bahari haikusogea.

Kuna watakaosema kwamba kuuliza nani alikaa wapi ni kuchochea ukabila. Tunaielewa hofu hiyo, kwa maana tuliiona Likoni. Mwezi Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, wavamizi walishambulia kituo cha polisi, kisha watu wenye asili ya bara wakauawa na kufukuzwa, na uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni ukajaa wakimbizi. Malalamiko ya ardhi na ya kazi yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa yamesomwa nusu. Kijana alionyeshwa jirani yake muuza mboga, akaambiwa huyu ndiye adui. Hakuonyeshwa sheria ya 1908 wala waraka wa 1965. Jiografia isiyofundishwa kanisani, msikitini na shuleni, hufundishwa usiku na wenye mapanga. Ndiyo sababu hatuwezi kuinyamazia.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulidhani mlango umefunguka. Kumbe tulipata haki ya kuchagua dereva bila kujua gari laelekea wapi. Katiba ya 2010 imetupa zaidi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Kifungu cha 203 kinazihakikishia kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Je, ni wangapi kati yao wamewahi kuisoma bajeti ya kaunti yao?

Kwa hiyo tunaliomba kila tawi na kila ushirika, kabla ya uchaguzi mwingine kutukuta, lifanye mambo matatu. Kwanza, lichore ramani ya wadi yake kwa mkono: maji, shule, zahanati, makaburi, na viwanja vya umma vilivyonyakuliwa. Pili, liombe bajeti kwa maandishi, na kuilinganisha na ramani hiyo. Tatu, liwaketishe wazee, wa Mji wa Kale na wa Kisauni, wa pwani na waliotoka bara, waeleze mbele ya vijana walivyofika na walivyopata au kukosa mahali pa kukaa. Wakae chumba kimoja, wasikilizane.

Mgombea atakapokuja kutuahidi maendeleo, tumtandazie ramani hiyo mezani, tumwombe atuonyeshe kwa kidole: wapi, kwa fedha gani, na kwa kauli ya nani. Asiyeweza kuonyesha, na apite.