Maji Tunayoyavuta na Ardhi Inayotubeba



Katika mtaa wa Muara Baru, kaskazini mwa mji wa Jakarta nchini Indonesia, upo msikiti uitwao Wal Adhuna ambao hauswaliwi tena. Haukubomolewa na mtu, wala waumini wake hawakuuhama kwa ugomvi. Ardhi iliyoubeba ilishuka kidogo kidogo hata ikawa chini ya usawa wa bahari, na ulipojengwa ukuta wa kuzuia maji msikiti ukabaki upande wa nje, upande wa bahari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mahali palipokuwa pakisujudiwa pamejaa maji, na wapita njia huutazama kutoka juu ya ukuta.

Wengi wanaosikia habari za Jakarta hudhani kwamba bahari ndiyo iliyopanda. Bahari inapanda kweli, lakini kwa milimita chache tu kila mwaka. Ardhi yenyewe ndiyo inayokwenda mbio. Zipo sehemu za kaskazini mwa mji huo zilizopimwa zikishuka kwa zaidi ya sentimita 20 kwa mwaka, na mwaka 2018 mtaalamu Heri Andreas wa Taasisi ya Teknolojia ya Bandung alieleza kwamba upande huo ulikuwa umeshuka mita 2.5 katika muda wa miaka 10. Mita mbili na nusu ni zaidi ya kimo cha mlango. Leo kiasi cha asilimia 40 ya mji kiko chini ya usawa wa bahari.

Uzito wa majengo umechangia, na pia udongo wa pwani ile bado ni mchanga wa umri na hujishindilia wenyewe. Lakini sababu iliyo kubwa ni visima. Jakarta ina mito 13, nayo maji yake ni machafu. Bomba halikufika kila nyumba. Basi aliyekuwa na uwezo alichimba. Zilichimba nyumba, zikachimba hoteli, vikachimba viwanda. Kila mmoja alivuta haja yake, na hakuna hata mmoja aliyeona ardhi ikitikisika siku aliyowasha pampu.

Hapo ndipo lilipo swali tulilopenda kulieleza wiki hii. Ikiwa kisima kimoja hakionekani kudhuru kitu, na madhara hujitokeza baada ya miaka mingi, tena katika mtaa wa mbali na ule ulioyavuta maji, mwanadamu alijuaje kwamba haya yametokana na yale? Alijua kwa hesabu. Wataalamu hutengeneza kielelezo cha ardhi kwa tarakimu, nao hukiita modeli. Jina lisimtishe mama yeyote mwenye kusoma ukurasa huu, kwani kanuni yake anaijua kwa godoro.

Tulichukue godoro la sufi. Likiwa jipya, ukilikalia hubonyea, ukiinuka nalo huinuka. Lakini lilaliwe miaka kwa uzito ambao halikupata kuubeba kabla, sufi yake hushikana ikawa mabonge, na hapo hata ulianike juani kutwa nzima halirudii unene wake wa kwanza. Udongo wa mfinyanzi ulioko chini ya ardhi una tabia hiyo hiyo. Chembe zake ni kama vigamba vyembamba vilivyopangwa ovyo, na baina yake yamo maji. Maji hayo hayakai bure. Yanabeba sehemu ya uzito wa kila kilicho juu: udongo, nyumba, barabara. Yakivutwa, uzito wote huangukia vigamba, navyo hulala kimoja juu ya kingine. Mchanga haufanyi hivyo kwa kiasi kikubwa. Chembe zake ni ngumu kama choroko katika pishi, ukiyamimina maji choroko hubaki palepale.

Aliyeiweka kanuni hii katika hesabu ni mhandisi Mwaustria, Karl Terzaghi, na wasomaji wetu huenda wakapenda kujua kwamba aliifanya kazi hiyo Istanbul. Alikwenda huko mwaka 1916 kufundisha katika chuo cha uhandisi cha dola ya Uthmaniya, na baada ya vita akabaki akifundisha katika chuo cha Wamarekani mjini humo, akiukandamiza udongo wa mfinyanzi kwa vifaa vya kujitengenezea na kupima unavyotoa maji siku baada ya siku. Hesabu yake ilitoka mwaka 1923. Miongoni mwa aliyoyaonyesha ni jambo ambalo miji mingi ililipuuza, kwamba udongo huu hutoa maji kwa uvivu mkubwa, na kwamba tabaka likiwa nene maradufu, muda wa kushuka kwake hauwi maradufu bali mara nne. Mji unaweza kufunga visima vyake leo, na ardhi ikaendelea kushuka hali wajukuu wanatazama.

Sasa modeli hutengenezwaje? Kwanza ardhi hutobolewa mahali kadhaa ili ijulikane imepangwa namna gani: hapa mchanga mita kadhaa, chini yake mfinyanzi, kisha mchanga tena. Mpangilio huo huingizwa katika kompyuta ukiwa umegawanywa vijisanduku vingi, na kila kisanduku hupewa sifa zake, yaani maji hupita humo kwa wepisi gani, na udongo wake hubonyea kiasi gani ukipunguziwa maji. Programu iliyoenea zaidi kwa kazi hii huitwa MODFLOW. Ilitolewa na Idara ya Jiolojia ya Marekani katika miaka ya 1980, na hadi leo hupatikana bila malipo. Kisha huingizwa visima: kipo wapi, kina urefu gani, huvutwa kiasi gani. Mvua inayozama ardhini nayo huhesabiwa.

Baada ya hapo modeli hutahiniwa, na sehemu hii sisi twaiona ndiyo yenye uadilifu kuliko zote. Mtaalamu huipa habari za miaka iliyopita lakini huificha miaka michache ya mwisho, kisha huiuliza: ardhi ilishuka kiasi gani katika miaka hiyo? Jibu lake hulinganishwa na vipimo vya kweli. Siku hizi vipimo hivyo hutoka hata angani, kwani zipo setilaiti ambazo hupiga mawimbi ya rada mahali pamoja mara kwa mara, na kwa kulinganisha mawimbi yanayorejea hutambua ardhi iliyoshuka kwa milimita. Modeli ikikosea hurekebishwa na kutahiniwa tena. Ikipatia, ndipo huulizwa habari za kesho. Modeli ya Heri Andreas na wenzake ilionyesha kwamba mambo yakienda kama yalivyokuwa, ifikapo mwaka 2050 kiasi cha asilimia 95 ya Jakarta Kaskazini kitakuwa chini ya maji. Huo si utabiri wa ghaibu. Ni sentensi yenye sharti, na sharti lake limo mikononi mwa watu.

Modeli, hata hivyo, haijui ila ilichoambiwa. Mji ambao nusu ya visima vyake havikuandikishwa huipa kompyuta nusu ya ukweli, nayo hutoa jibu la kuliwaza. Jakarta iliteseka sana kwa hili, maana maji yaliyoandikwa katika daftari za serikali yalikuwa machache kuliko yaliyovutwa. Kwetu Kenya, Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inamtaka mwenye kuchimba kisima cha mashine apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na wako wanaokiona kibali hicho kuwa ni usumbufu na gharama tu. Sisi twaona anayekificha kisima chake anaficha ushahidi ambao majirani zake wanauhitaji.

Yako mataifa yaliyosikia mapema. Mjini Tokyo ardhi ilishuka zaidi ya mita 4 katika baadhi ya sehemu za mashariki. Katika mwaka wa mwisho wa vita vya pili vya dunia, viwanda viliposimama, kushuka nako kukapungua, na ubishi juu ya sababu ukapungua pamoja nako. Sheria za kuzuia uvutaji zilipokazwa baada ya miaka ya 1950, kushuka kulikoma kwa sehemu kubwa. Ajabu ni kwamba maji ya chini yalirudi juu kwa nguvu hata kituo cha treni cha Ueno kilichojengwa ardhini kikalazimika kufungwa kwa nanga kisije kuinuliwa. Maji yalirudi, ardhi haikurudi. Mitaa ile ya mashariki ingali chini ya usawa wa bahari mpaka leo, ikilindwa na kuta.

Jakarta nayo imeanza kuchukua hatua. Tangu Agosti 2023 majengo makubwa katika maeneo maalumu yamekatazwa kuvuta maji ya chini, na sheria ya kuujenga mji mkuu mpya, Nusantara, katika kisiwa cha Borneo ilipitishwa mwaka 2022. Serikali inaweza kuhama. Wavuvi wa Muara Baru na wake zao wanaokausha samaki hawana pa kuhamia, na wao ndio waliovuta maji machache zaidi.

Je, Mombasa, Malindi na Lamu zitashuka vivyo hivyo? Kwa sehemu kubwa hapana, na ni wajibu kusema hivyo ili tusimtie mtu hofu isiyo na msingi. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, nalo halibonyei kama mfinyanzi. Lakini jiwe hilo lina matundu, na yanayoingia humo yakipata nafasi ni maji ya bahari. Maji ya pepo huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19 na Mjerumani Herzberg mwanzoni mwa karne ya 20 walilikadiria jambo hili, kila mmoja kwa upande wake: kwa kila mita 1 ya maji ya pepo iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kiasi cha mita 40 chini yake. Kadirio hilo likisomwa kinyumenyume linatisha. Usawa ukishuka mita 1 na kukaa hapo, chumvi hupanda mita 40 kutoka chini. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu zama za bibi zetu leo kinafaa kudekia tu, na ndiyo maana visima vya machuguu ya Shela, vinavyounywesha mji wa Lamu, vinahitaji ulinzi kuliko kiwanja chochote cha hoteli. Wataalamu wa chumvi hutumia modeli za namna ileile, nazo zina njaa ileile ya habari za visima.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Kishafii hawakuwa na kompyuta, lakini swali walilifahamu. Katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa wametaja harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo mwingine hana ruhusa ya kuliingilia. Na walipofika kwenye visima vya mifereji ya chini ya ardhi, mpaka wa harimu waliuweka pale ambapo mtu akichimba, maji ya mwenzake yatapungua au patahofiwa kuporomoka. Kupungua kwa maji, na kuporomoka kwa ardhi: mambo yale yale mawili. Viwanja vya mjini vyenye wenyewe vina maelezo mengine, na hayo tunawaachia masheikh wetu.

Katika matumizi, sote tunajua kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba cha maji na kuoga kwa pishi. Kibaba hakifiki lita moja. Misikiti yetu mingi ina pampu na mifereji iliyoachwa wazi tangu adhana hadi iqama, na kamati ambayo hujadili zulia kwa saa mbili yaweza kulipa jambo hili robo saa.

Nyumbani kazi yenyewe ni nyepesi. Mwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono achukue kamba, afunge jiwe mwishoni, na aiteremshe mpaka jiwe liguse maji. Afunge fundo usawa wa ukingo, aitoe, aipime kwa futi ya fundi cherehani na aandike tarehe. Kipimo kichukuliwe alfajiri kabla hakijavutwa, mara moja kwa mwezi, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, mahali palepale pa ukingo. Pembeni aandike kama maji yameanza kukataa povu la sabuni. Mabinti wa shule wataifanya kazi hii kwa furaha wakipewa daftari lao. Siku atakapokuja mtaalamu mtaani kuuliza habari za maji, daftari la miaka mitatu minne lenye tarehe ndilo atakaloliomba kwanza.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutazungumzia mabirika na matangi ya maji ya mvua.